Ufundi wa ujenzi unapotea: tuanze na toroli la zege

#1 Timazi

Wakuu, ukuta ukipasuka au slabu ikivuja, lawama ya kwanza ni kwamba fundi kaiba saruji. Wizi upo, hakuna anayekataa. Ila kwenye saiti nyingi za nyumba za watu binafsi mfuko unafunguliwa mbele ya mwenye nyumba, haipungui hata chembe, na zege bado inatoka mbovu. Mkosaji ni toroli.

Kanuni ambayo kila mtu anaiimba ni 1:2:4. Saiti inafanywa hivi: mfuko mmoja, toroli mbili za mchanga, toroli nne za kokoto. Pigeni hesabu. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi. Toroli la kawaida lililojazwa kwa usawa lina takriban lita 60, likirundikwa kama kichuguu linafika 80. Toroli mbili za usawa ni lita 120 za mchanga, nne ni lita 240 za kokoto. Gawanya kwa 35: umepata karibu 1:3.4:6.9. Zege ya 1:2:4 inakula mifuko 6 na kidogo kwa mita moja ya ujazo, hii ya toroli inakula chini ya minne. Na kwa kuwa ni kavu na ngumu kusukuma, vijana wanaongeza maji mpaka iteleze. Hapo ndipo nguvu inapomalizikia.

Zamani kulikuwa na boksi la mbao la kupimia, halina kitako: sm 40 kwa 35 kwa 25. Zidisha, ni lita 35 kamili, yaani mfuko mmoja. Unaliweka chini, unajaza, unapitisha ubao juu kusawazisha, unainua. Boksi mbili mchanga, boksi nne kokoto. Fundi alilitengeneza mwenyewe kwa vipande vya mbao vilivyobaki. Siku hizi uliza saiti kumi za uswahilini kama wanalo.

Kilichopotea si boksi. Ni yule mtu aliyekuwa anamwambia saidia fundi kwa nini boksi lipo. Kijana kapokea namba bila sababu yake, na namba bila sababu inageuka kuwa toroli. Nataka tujadili hapo, si habari za "vijana wa siku hizi wavivu".

#2 Nondo16

Mkuu Timazi umeanza vizuri. Asiye na boksi atumie ndoo ya lita 20 iliyosawazishwa: kwa mfuko mmoja wa 1:2:4 ni ndoo 3 na nusu za mchanga na ndoo 7 za kokoto. Maji yasizidi lita 25, na mchanga ukiwa umenyeshewa yapungue, kwa sababu tayari yamo humo ndani. Halafu mchanga wenye unyevu huvimba, ujazo wake unaweza kuongezeka kwa robo, kwa hiyo ndoo ileile ina mchanga kidogo kuliko unavyodhani. Mafundi wa zamani walikuwa wanaongeza kidogo siku hizo bila kuambiwa na mhandisi.

Nitaongezea ya nondo maana huko ni kubaya zaidi. Kolamu (nguzo ya zege) ya nondo nne za mm 12, ringi, yaani vyuma vinavyozungushwa kuzifunga nondo hizo, karibu kila saiti zinawekwa kila sm 20. Ukiuliza kwa nini 20: "ndiyo kawaida". Kwa BS 8110, kanuni ya Uingereza ya ujenzi wa zege ambayo wahandisi wengi huku bado wanaifuata, umbali wa ringi kwenye kolamu usizidi mara 12 ya unene wa nondo ndogo kabisa ya kusimama. Mara 12 ya mm 12 ni mm 144. Kwa hiyo ni sm 14, si 20. Ukitumia nondo 16 ndiyo unafika sm 19. Kazi ya ringi ni kuzuia nondo zilizosimama zisijipinde kwenda nje pale kolamu inapobanwa na mzigo. Fundi anayelijua hilo hawezi kukosea nafasi, kwa sababu anaona nondo nyembamba inavyotaka kushikwa karibu-karibu.

Na mkia wa ringi ukunjwe uingie ndani ya kolamu, usiachwe kwenye pembe ya mraba tu. Mkia wa sm 7 mpaka 8 kwa ringi ya mm 8. Vilevile kufuli za ringi, pale ncha zake zinapokutana, zizungushwe kona hadi kona, zisipangane kona moja kutoka chini hadi juu. Ukiona zimepangana mstari mmoja, jua aliyesuka analipwa kwa idadi.

#3 MwenyeKiwanja

Sasa wakuu, si ndiyo maana kuna VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi? Kwa nini chuo kipo na mafundi maiko, wasiosomea, wanazidi?

#4 BiKaraha

MwenyeKiwanja, VETA ipo kwa sheria ya mwaka 1994, na kabla yake kulikuwa na mfumo wa majaribio ya ufundi wa daraja la III, II na I. Sasa hivi tuzo ni NVA (tuzo ya taifa ya ufundi stadi) ngazi ya kwanza mpaka ya tatu. Mtaala wa uashi si mbaya hata kidogo. Mwanafunzi anajenga ukuta wa mazoezi kwa mota dhaifu, unakaguliwa kwa timazi na pima maji, unabomolewa, tofali zinasafishwa zinatumika tena. Anarudia kona, anarudia makutano ya T, mpaka mkono unazoea.

Tatizo lipo sehemu mbili. Ya kwanza ni field. Kijana anapelekwa saiti kwa mafunzo ya vitendo, anakabidhiwa toroli na koleo, anarudi chuoni akiwa bingwa wa kubeba mchanga. Hakuna aliyepangiwa kumfundisha, na fundi mkuu halipwi kufundisha. Ya pili ni soko. Mwenye nyumba hajawahi kumwuliza fundi cheti. Anauliza "tofali moja bei gani?" Mwenye NVA na asiye nayo wanashindana kwa bei hiyohiyo, na asiye nayo anashuka zaidi.

Angalieni umeme. Fundi wa umeme anahitaji leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) yenye daraja, na bila fundi mwenye leseni kusaini fomu hupati umeme wa TANESCO kihalali. Uchakachuaji upo, lakini angalau kijana wa umeme ana sababu ya kwenda shule. Mwashi hana. CRB, bodi ya usajili, inasajili makandarasi, huyu wa mtaani anayejenga vyumba vitatu na sebule hayumo kwenye daftari la mtu.

#5 Timazi

BiKaraha hapo kwenye bei ya tofali ndipo penyewe. Kumlipa mtu kwa tofali kumeua ufundi kuliko kukosa chuo. Nieleze kwa nini.

Tofali linatakiwa lipakwe mota chini na ubavuni. Ile ya ubavuni ndiyo inakula muda: unapaka kichwa cha tofali, unalisogeza, unaligonga likae. Anayelipwa kwa idadi analipanga tofali kavu pembeni ya mwenzake, halafu anapitisha mwiko usoni kuziba. Kwa nje unaona mstari mzuri. Ndani pako wazi upana mzima wa ukuta. Plasta ikikauka nyufa zinafuata mistari ile, na mvua ya upepo inapenya. Kipimo chake rahisi: kabla ya plasta chukua waya wa kufungia nondo, jaribu kuusukuma kwenye kiungo cha wima. Ukiingia zaidi ya sm 2, hapo pana tundu.

Jambo la pili ni kimo cha siku. Tofali la kimo cha sm 23 pamoja na mota ni kama sm 25 kwa kozi, yaani mstari mmoja wa tofali. Usizidishe kozi 5 au 6 kwa siku, yaani mita 1.25 mpaka 1.5, ili mota ya chini ishike kabla haijabebeshwa mzigo. Anayelipwa kwa tofali anataka afike lenta, juu ya milango na madirisha, leo. Mota mbichi inakandamizwa, ukuta unaondoka kwenye timazi kidogo-kidogo, halafu unamsikia: "tutausawazisha kwa plasta". Plasta ya sm 4 upande mmoja na sm 1 upande mwingine hiyo.

Saidia fundi anayeshuhudia hayo miaka miwili ndiye fundi wa kesho. Kasoma vizuri kabisa, ila kasoma kasoro.

#6 Mjengo254

Habari za huko Bongo. Huku Kenya picha haina tofauti kubwa, ingawa vyombo vya usimamizi vipo vingi. NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, inatoa majaribio ya Grade III, II na I, na mtu wa mkono aliyejifunza saiti anaweza kwenda kufanya bila kupitia darasani. NCA, mamlaka ya ujenzi iliyoundwa kwa sheria ya 2011, inasajili hata wafanyakazi wenye ujuzi na wasimamizi wa saiti, si makontrakta peke yao. Kwenye karatasi tuko mbele yenu.

Lakini jengo la Huruma, Nairobi, lilianguka Aprili 2016 sheria hiyo ikiwa tayari ipo. Kadi mfukoni haichanganyi zege. Ninachokiona kibaya zaidi huku ni pengo la umri: fundi wa mawe anayejua kuchonga jiwe kwa tindo na kuliweka kona bila kujaza saruji ya inchi mbili amezeeka, na hana kijana nyuma yake. Mawe ya kukatwa kwa mashine yamerahisisha kazi, sawa, ila kijana akipewa jiwe lisilo na mraba anakwama.

#7 Nondo16

Mjengo254 umesema kweli. Na huku jengo la mtaa wa Indira Gandhi, Dar, lilianguka Machi 2013 likaua watu 36, la Kariakoo likaja Novemba 2024. Tusirushe kila anguko kwa fundi. Jengo la ghorofa lina mhandisi, mkandarasi, mwenye mali na kibali. Fundi wa nondo hawezi kuokoa mchoro uliobadilishwa katikati.

Ila anachoweza kufanya fundi anayejua ni kukataa. Huyo ndiye aliyeadimika. Fundi mwenye ujuzi akiona nondo zilizochomoza kusubiria kolamu zimekosa mstari kwa sm 5, anasimamisha kazi na kumwita mhandisi. Asiyejua anachukua bomba anazikunja kwa nguvu zifuate kolamu, anamwaga zege juu, kesho hakuna anayeona.

Jingine la nondo: pimeni uzito. Nondo ya mm 12 ni kilo 0.888 kwa mita, ya urefu wa mita 12 iwe kilo 10.6 hivi. Ya mm 10 ni kilo 7.4, ya mm 16 ni kilo 18.9. Ukipima moja ukakuta kilo 9 kwa ile inayoitwa 12, hiyo si 12. Mzani wa dukani unatosha.

#8 ChokaaMbichi

Assalaam aleykum. Huku Unguja kuna upotevu mwengine ambao sijaona mtu kuutaja: ufundi wa chokaa. Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya UNESCO tokea mwaka 2000, na nyumba zake ni kuta nene za mawe ya matumbawe, chokaa na udongo mwekundu, dari zimebebwa na boriti za mikoko. Fundi wa leo akiitwa kutengeneza ukuta uliomong'onyoka, anakuja na mfuko wa saruji.

Ukuta wa aina ile unanyonya unyevu kutoka chini na kuutoa nje kupitia plasta ya chokaa, maana chokaa inapumua. Ukiupaka saruji unyevu unafungiwa ndani na kupanda juu, unabeba chumvi, chumvi inakauka nyuma ya plasta na kulisaga jiwe. Mwaka mmoja au miwili plasta ile inadondoka pande kubwa na kuchukua uso wa jiwe. Mwenye nyumba anasema ukuta umezeeka. Ukuta haujazeeka, umezibwa pumzi.

Kazi yenyewe si ya haraka. Chokaa ya mawe yaliyochomwa inazimuliwa kwa maji shimoni, inaachwa ilale wiki kadhaa, ikilala zaidi inakuwa laini zaidi. Sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga uliochekechwa na kuoshwa chumvi. Ukuta unaloweshwa kwanza. Plasta inapigwa kwa tabaka nyembamba, kila moja isizidi sm 1, na inafunikwa kwa magunia mabichi isipigwe na jua, kwani chokaa inakomaa polepole kwa hewa na ikikaushwa haraka inakuwa unga. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kifalme la Mji Mkongwe, iliporomoka Disemba 2020 na kila mtu akashtuka, lakini mashimo ya chokaa yalikwisha kufukiwa zamani.

#9 MwenyeKiwanja

Naomba msaada wa haraka basi. Slabu ya nyumba ya ghorofa moja, chumba kikubwa upana mita 4, imemwagwa Jumamosi. Fundi anataka kutoa mbao na mirunda Jumatano apeleke saiti nyingine. Anasema "zege imeshakuwa jiwe".

#10 Nondo16

Kataa! Ubavu wa bimu na kolamu unaweza kufunguliwa baada ya siku moja mbili. Mbao za chini ya slabu na mirunda yake ziache siku 14, na chini ya bimu siku 21, isipokuwa mhandisi wako akikupa namba nyingine kwa matokeo ya vipimo. Zege ikigongwa siku ya 4 inalia kama jiwe kweli, lakini nguvu inayohesabiwa kwenye mchoro ni ya siku 28. Na asikwambie atatoa mirunda yote halafu arudishe michache katikati. Ikishatolewa slabu imeshalala, kurudisha ni urembo.

Mpaka hapo umwagilie. Asubuhi na jioni kwa jua la Dar haitoshi, mchana inakauka kabisa. Jenga kingo za mchanga au mota dhaifu kuzunguka slabu, jaza maji sm 3, yakae siku 7 bila kukauka. Kolamu zivishwe magunia yaliyoloweshwa.

#11 BiKaraha

Unaona, MwenyeKiwanja? Fundi wako hana nia mbaya. Anakodi mbao kwa siku, na wewe umemlipa bei ya jumla inayojumuisha mbao. Kila siku ya mirunda inatoka mfukoni mwake. Kwenye makubaliano tenga mbao peke yake, kodi ya siku 21, ulipe wewe. Ugomvi utaisha.

Turudi kwenye mafunzo. Kuna urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: mkaguzi anamfuata fundi akifanya kazi, anamtathmini, anamjaza mapengo kwa mafunzo mafupi, anapata cheti cha VETA. Kuna na uanagenzi, ambapo kijana anagawa muda kati ya chuo na saiti. Yote mawili naona ni sahihi zaidi kuliko kujenga madarasa mengine. Lakini urasimishaji una hatari yake: mkaguzi akiangalia kazi iliyokamilika badala ya kuangalia mikono, atampa cheti yule wa kuziba uso wa tofali. Akae pale mota inapopakwa.

Na waajiri wenye wafanyakazi 10 na zaidi wanalipa SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi, kila mwezi. Makandarasi wakubwa wanachangia, kisha wanaajiri mafundi wa siku kutoka getini ambao hawajafundishwa na mtu. Pesa na fundi hawakutani.

#12 Mjengo254

Kwa maoni yangu fundi mkuu alipwe kufundisha, kitu kidogo juu ya ujira, kwa kila kijana atakayefaulu Grade III. Bila hivyo hana sababu ya kumfundisha mpinzani wake wa mwaka ujao. Hilo tunaliogopa kulisema: fundi anaficha kazi kwa makusudi. Mahesabu ya ngazi, mraba wa msingi, kukata kenchi ya paa la pande nne, haya anayafanya saa ya chakula wengine wakiwa wamekaa.

#13 Timazi

Kweli kabisa, na ngazi ndiyo siri kubwa kuliko zote. Basi naifungua hapa. Pima kimo kutoka sakafu iliyokamilika ya chini hadi sakafu iliyokamilika ya juu, pamoja na unene wa vigae. Tuseme ni sm 306. Gawanya kwa kimo cha kukanyaga cha sm 17: unapata 18 kamili. Kukanyaga 18 maana yake kuna vidato 17 vya kulaza mguu, kwani cha mwisho ni sakafu ya juu yenyewe. Kidato kikiwa sm 28, urefu wa chini ni sm 476. Hakiki: vimo viwili na kidato kimoja, 17+17+28, ni 62. Ikiwa kati ya 58 na 64 mguu hautalalamika. Kosa la kawaida ni kusahau vigae: ngazi inamwagwa sawa, sakafu ya juu inawekwa vigae na mota sm 5, kimo cha mwisho cha kukanyaga kinakuwa sm 22 na kila mgeni anajikwaa.

Mraba wa msingi: kamba mita 3 upande mmoja, 4 mwingine, ulalo uwe 5. Nyumba ikiwa kubwa tumia 6, 8 na 10, kosa la tepu linapungua. Ukimaliza pima ulalo wa nyumba nzima mara mbili, kona kwa kona. Zikitofautiana sm 1 kwa nyumba ya mita 12 vumilia, zikitofautiana sm 5 ng'oa mambo.

#14 MwenyeKiwanja

Asanteni wakuu. Sasa mtu kama mimi nisiye fundi nitamjuaje fundi kabla sijampa kazi? Cheti anaweza kuazima.

#15 BiKaraha

Mpe kona moja ya kujenga, kozi 4, umlipe nusu siku. Usiongee, angalia. Je, kaloweka tofali kidogo kwenye jua kali au kaanza kavu? Kapaka kichwa cha tofali? Timazi anaishusha pande mbili za kona au upande mmoja tu? Kisha mwulize saruji ya zege ataipimaje. Akitaja toroli, mwombe akuonyeshe ina lita ngapi.

Kisha mchanga. Fundi mzuri anaukamata, anaufinya, anaangalia kiganja kimechafuka kiasi gani. Ukitaka uhakika, jaza chupa ya plastiki yenye ubavu ulionyooka nusu mchanga, ongeza maji na kijiko cha chumvi, tikisa, iache saa 3. Tope litakalokaa juu ya mchanga lisizidi kama sehemu 8 kwa 100 ya kimo cha mchanga. Likizidi, plasta itapasuka vijipasuko vya utando wa buibui hata saruji ukiweka nyingi.

#16 Nondo16

Nyongeza ya mpira wa maji wa kupimia usawa, maana wengi hawana laiza. Kabla ya kupima lete ncha zote mbili pamoja, maji yawe usawa mmoja. Yasipokuwa, kuna povu la hewa ndani. Inua mpira, ulikimbize litoke. Na wakati wa kusoma usizibe ncha kwa kidole, maji hayatatulia. Kijana mmoja akikanyaga mpira katikati, rudia.

#17 ChokaaMbichi

Na mpira ukiwa umelala juani upande mmoja na kivulini mwengine, subirini upoe. Maji ya moto hupanda juu kuliko ya baridi, utapoteza milimita kadhaa.